Daftari Nililolikalia

Mwaka huu, ambao mtaa mzima wa Umoja tumekula dagaa wa omena hadi paka wakawachoka, nilimshuku mjukuu wangu Mwende kuwa jambazi. Nimemlea mwenyewe na hujivunia yeye kanisani, lakini alianza kujifungia chumbani akinong'ona majina ya mawaziri. Nikichungulia, ananyamaza.

Siku moja nikafungua daftari lake. Shule niliiachia darasa la tatu, ila majina nasoma. Mawaziri walikuwa wamepangwa mstari, wengine wamekatwa kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa pili, miji mikuu ya nchi za nje. Nikasema hawa ni wa kuuawa, na huko ndiko atakakotorokea.

Nikamwita mzee wa nyumba kumi, akaja na majirani wanne. Mimi nimeketi kochini, daftari liko chini ya makalio yangu.

“Mwende,” nikamuuliza mbele yao, “hao wa kalamu nyekundu mmewafanya nini?”

“Shosho, hao walifutwa kazi,” akasema, machozi yakimlengalenga. “Kesho nafanya mtihani wa kuajiriwa serikalini. Wanauliza waziri wa sasa ni nani. Nipe nisome.”

Mzee akainamisha kichwa, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Majirani nao wakacheka waziwazi. Nilijua nikimpa daftari, nimekubali ujinga wangu, na kabla ya chai habari itakuwa imefika mtaa jirani wa Tena.

“Mama Mutua, inuka mtoto asome,” mzee akasema.

“Siinuki.”

“Shosho, tafadhali.”

“Siinuki.”