Bibi Alivyokimbia na Sufuria ya Pilau

Enzi zetu sie watoto wa mtaa wa Hamriya, huku pwani ya Waarabu, mvua ilikuwa haijifichi. Kwanza linakuja joto la kukuchemsha kama yai, kisha upepo wa majimaji unaokulamba shingo, halafu milima inanuka vumbi bichi. Hapo skuli tunaisahau, sote tunataka kwenda kula mlimani. Na tukila kweli, si hawa watoto wa leo, sambusa moja picha arubaini.

Mama yangu kazaliwa Unguja, na Unguja mawe yanakaa pahala pake. Bibi, mamake baba, kazaliwa milimani huko ndani, Kiswahili hajui hata neno. Mama naye Kiarabu chake cha kuombea chumvi tu. Basi wakigombana, kila mmoja anashinda.

Ijumaa moja baba katushusha mlimani, karudi kuchukua maji ya kunywa. Pilau lishaiva, sufuria kubwa hiyo, tungeweza kuoga ndani yake sote watano. Mvua ikamwagika. Mama akatukusanya chini ya jabali lililochomoza kama baraza. "Ingieni wanangu, msilowe, na pilau langu lisilowe." Kwao Unguja mvua ikinyesha mtu anajibanza chini ya kitu.

Bibi akatuziba midomo. "Usss." Tukasikiliza. Juu ya mfuniko wa sufuria, tik. Tik, tik. Vijiwe kama njugu. Mlima ukilowa na upepo ule wa joto, mawe yanaachana. Bibi akatuburura mpaka uwanjani, mvua yote yetu.

Mama hakutoka. Kaikumbatia sufuria. "Mwambieni bibi yenu, pilau likiingia maji atalila peke yake." Bibi akamwita, akamvuta buibui, wapi. Tik tik ikawa mvua ya pili. Mie nikaanza kulia.

Basi yule bibi, ambaye kwa magoti yake kusimama tu anashikwa na watu wawili, akavua mtandio, akauzungushia sufuria, akainyakua kifuani mwa mama, akakimbia. Wallahi mbuzi wa mlimani wangempisha njia. Na mama nyuma yake, "Pilau langu, we bibi, pilau langu."

Hawajafika kwetu, jabali likashuka. Jiwe moja tu lilikuwa kubwa kuliko nyumba ya matajiri wa Madinat Sultan Qaboos, pamoja na bustani yake. Pale alipokuwa kakaa mama pakawa mlima mwengine.

Mama akaufungua mtandio. Akapakua pilau limelowa chepechepe, fungu la kwanza na nyama yote akampa mkwewe. Bibi akaonja, akasema kwa Kiarabu chumvi imepungua.

Siku hizi onyo la mvua linakuja kwenye simu. Tone halijaanguka huku mtaani Al Khuwair, simu zote zinalia, na vijana ndo kwanza wanawasha magari waende kupiga picha. Nikasema, basi, masikio yale marehemu bibi kaondoka nayo.

Majuzi tumekwenda mlimani, joto lile lile, upepo ule ule. Mvua ikaanza kidogo, na mie mtu mzima nikajisahau, nikajibanza chini ya jiwe na sufuria yangu. Mjukuu wangu Rayyan, ambaye kisa hichi nshamhadithia mara elfu, na mara zote hizo yeye kainamia simu, akaiweka simu chini.

"Usss, bibi."

Kisha akanyakua sufuria akakimbia. Na mie, na magoti yangu haya, nikamfuata mbio.