Kadi Zilizonyolewa

Mimi si mtu wa kinyaa. Mwaka wa ishirini na mbili huu nafanya kazi maabara ya hospitali hapa Maskati, na kutwa nashika mikojo ya watu, makohozi yao, na vile vikopo vingine ambavyo wagonjwa huvileta vimefungwa ndani ya mifuko mitatu kwa haya. Nikimaliza nanawa, nakwenda kula. Mume wangu husema tumbo langu la chuma. Kwa hiyo nikisema kuna nyumba huko Mawaleh ambayo hata leo nikiipita kwa gari mate ya kichefuchefu hunijaa mdomoni, mtu anijuaye atafahamu kuwa jambo lenyewe si dogo.

Lilianza na kadi za besiboli.

Najua lisikikavyo. Mwanamke wa Kiomani, wazee wake wametoka Unguja, hajui hata kurusha jiwe likafika, eti anakusanya kadi za mchezo wa Wamarekani. Nilipokuwa na miaka tisa baba alipelekwa kusoma Marekani, tukakaa naye miaka mitatu katika mji wa baridi ambako sikuwa na rafiki. Kadi zile zilikuwa zikiuzwa madukani kwa pakiti, pamoja na kipande cha chingamu kigumu kama kigae. Ni karatasi nene, haijai kiganja. Mbele picha ya mchezaji, nyuma hesabu za michezo yake. Mchezo wenyewe sikuuelewa. Nilimpenda mtu mmoja tu uwanjani: mdakaji, yule anayevaa kinyago cha chuma na kuchutama nyuma ya mpigaji ili aupokee mpira. Wenzake wote wamesimama wanajishaua, yeye yuko chini, magoti huku na huku, kama mtu aliyekalia mbuzi anakuna nazi. Nilikuwa nikimwangalia nacheka peke yangu.

Tuliporudi Oman zile kadi zikapotelea njiani. Watoto wangu walipokua na nyumba ikawa kimya, nikaanza kuzinunua mtandaoni. Wadakaji tu, wa zama zile nilizokuwa kule. Wengi wao si watu mashuhuri, na kadi zao hazigombaniwi. Nilikuwa nazipokea kwa bahasha, nazitia kwenye vifuko vya plastiki ninavyonunua duka moja la vifaa vya ofisi Hamriya, kisha nazipanga kwenye jalada. Huko mtandaoni nikapata na mwenzangu, bwana mmoja wa Kanada anayekusanya wadakaji kama mimi. Miaka miwili tuliandikiana, tukabadilishana kadi zilizojirudia, tukasaidiana kutafuta zile tunazokosa. Alikuwa akiniambia kila kadi inayoingia kwake haitoki mpaka siku atakapotolewa yeye kwa jeneza.

Siku moja nikiperuzi nikaona muuzaji ambaye kadi zake zinatumwa kutoka Oman. Nilidhani ni makosa. Nikamwandikia kwa Kiingereza, akanipa nambari ya simu, nikampigia. Tukiwa katikati ya maneno nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yake: "Wewe bwana, chai inapoa!"

"Kumbe nyinyi watu wa Unguja!" nikasema.

Mzee akacheka kwa furaha. "Sasa sisi tuzungumze Kizungu kwa nini, mwanangu?"

Alikuwa mtu wa miaka sabini na kitu, mstaafu wa wizara, kanzu yake haina hata mkunjo mmoja. Tukapanga tukutane nje ya soko la mboga la Mawaleh, siku hizo halijahamishwa bado. Akaja na kadi tatu ndani ya kitabu ili zisipinde. Nilizishika kwenye mwanga nikashangaa. Kadi zina umri wa miaka thelathini na zaidi, lakini pembe zake kali kama zimetoka kiwandani asubuhi ile. Nikazichukua zote. Tangu siku ile nikawa namwita ami, na kila mwezi akipata mdakaji ananipigia mimi kwanza. Nilijiona nimebahatika. Mbili katika hizo nilimpelekea yule bwana wa Kanada, naye akanipa moja niliyokuwa nikiitafuta muda mrefu. Aliandika kuwa kadi safi namna ile hajaziona tangu utoto wake.

Baada ya miezi kadhaa mke wake ami akanialika chakula cha mchana, Ijumaa. Mume wangu alikuwa safarini Sohar, nikaenda peke yangu. Bibi mwenyewe ni mnene, mchangamfu, mikono imejaa bangili, na chakula chake sijapata kula mfano wake: wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mwisho kastadi kwenye vibakuli vya kioo, na vijiko vidogo vyenye ua la dhahabu kwenye mpini. Tulikula sote watatu sebuleni, tunazungumza habari za watu. Nilikuwa nimeshakula nusu ya kastadi yangu bibi aliposema:

"Mwanangu, hebu niletee miwani yangu. Iko mezani chumba kile, chumba cha ami yako."

Nikaingia. Miwani ilikuwa pale pale, ukingoni mwa meza. Lakini kando yake kulikuwa na kisu cha kukatia karatasi, kile cha kushusha kwa mkono, na taa yenye lenzi. Kulikuwa na kipande cha soksi ndefu ya kike, rangi ya ngozi, kimevishwa kwenye kibao na kimeshika nta na uchafu uliosuguliwa kwenye kadi. Kulikuwa na vidonge vya mkate wa maziwa vilivyofinyangwa kwa vidole na kufutiwa madoa mpaka vikawa vya kijivu. Kulikuwa na kijiko kidogo chenye ua la dhahabu kwenye mpini, mgongo wake mweusi kwa kupashwa moto na kusuguliwa juu ya mikunjo ya kadi. Na kwenye kisahani cha kikombe kulikuwa na vijiuzi vya karatasi, vyembamba, vimejikunja, vya manjano upande mmoja, vimelundikana kama kucha za miguu zilizokatwa wiki nzima.

Juu ya kisu ililala kadi ya mdakaji ambayo ami aliniahidi wiki ile. Upande mmoja ulikuwa umechakaa, umechanika nyuzi nyuzi kama kadi yoyote ya umri wake. Upande wa pili ulikuwa umenyooka, mweupe, mpya.

Nimeshaona vidonda, nimeshaona minyoo. Lakini kile kisahani kilinichafua roho.

Nikarudi sebuleni, nikampa bibi miwani yake, nikakaa. Kibakuli changu kilikuwa kinaningoja na kijiko ndani yake.

"Ami," nikasema, "kadi zangu unazikata?"

Nilitegemea angalau atababaika. Hakubabaika hata kidogo. Alifuta mdomo kwa kitambaa akatabasamu.

"Ah, umeona karakana yangu! Sizikati, nnazisafisha. Wewe ukinunua nyumba ya zamani, huipaki rangi?"

"Rangi inaonekana, ami. Hii mnunuzi haioni."

"Basi ndio ufundi wenyewe huo."

Mke wake akacheka mpaka bangili zikalia. "Kanimalizia soksi zangu zote, mwanangu. Kila nikifungua kabati natafuta soksi, nakuta mguu mmoja. Nimemwambia, mimi kizee hiki, watu watasema nina mguu wa mbao!"

Na yeye mzee akacheka naye. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Laiti wangeona haya, ningesema ni udhaifu wa binadamu. Lakini walikuwa wawili, wamekaa vizuri, wameshiba, jambo lenyewe kwao ni kichekesho cha nyumbani.

"Nikuulize," ami akaniambia, kwa upole, kama mwalimu. "Siku nilipokupa zile tatu, pale sokoni, ulifurahi au hukufurahi?"

"Nilifurahi."

"Basi nimekudhulumu nini?"

Nilisema nimesahau dawa ya mkwe wangu, nikatafuta viatu vyangu mlangoni. Bibi akanifuata na mfuko wa chakula cha mume wangu. Niliupokea. Huwezi kukataa chakula cha mtu mlangoni kwake, hata kama unataka kukimbia. Kabla sijafika barabara kuu nikasimamisha gari pembeni, nikafungua mlango, nikatapika wali wote wa nazi juu ya changarawe, mimi mwenye tumbo la chuma.

Jumapili nilikopa kipimo cha chuma chenye milimita kutoka kazini. Kadi za chapa moja hutoka kiwandani kwa kipimo kimoja, kwa hiyo kazi haikuwa ngumu. Nilichukua kadi moja niliyoinunua Marekani miaka ya nyuma, iliyochakaa, nikaipima, kisha nikapima za ami moja baada ya moja. Nilikuwa nimenunua kwake kumi na tisa, na ukitoa mbili zilizokwenda Kanada nimebaki na kumi na saba. Kumi na moja zilikuwa fupi, nyengine kwa unene wa uzi, nyengine karibu milimita nzima. Nilipojua, nikaanza kuyaona yale ambayo macho yangu yalikuwa yakiyapita: vile fremu nyeupe ilivyo nene juu na nyembamba chini, vile mdakaji mmoja ncha za viatu vyake zinavyokaribia kugusa ukingo. Na nilikuwa nimewaonyesha watu. Nilikuwa nimejisifu.

Mume wangu alikuwa amerudi. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mrejeshee."

"Nikimrejeshea atamuuzia mwengine."

"Zitupe basi."

"Ziende wapi? Mtu akiziokota?"

Lakini lililonikaba ni zile mbili nilizompelekea bwana wa Kanada. Zile zimetoka mikononi mwangu, kwa jina langu. Nilikaa nikamwandikia barua ndefu, nikamweleza kila kitu: chumba, kisu, vipimo. Nikamwomba radhi, nikamwambia nitamrejeshea kadi yake na gharama zote za posta. Niliandika na kufuta mara tatu. Nilipoituma nilijisikia nimeoga.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, fupi. Alinishukuru kwa uaminifu wangu. Akasema nisiwe na wasiwasi, kadi zote mbili ameshaziuza, wanunuzi wameridhika, na angependa mimi na yeye tusilizungumze tena jambo hili kwa maandishi. Kisha mstari wa mwisho: kama yule mzee wangu ana nyengine za ubora ule, nimjulishe.

Niliusoma mstari ule mara mbili, nikafunga simu, nikaenda kunawa mikono. Sijui nilikuwa nanawa nini. Yule mzee alinikata kadi. Huyu alikaa miaka miwili ananisimulia mapenzi yake kwa vitu vile, kadi isiyotoka mpaka atolewe yeye, na muda wote alikuwa dukani, anauza. Sikumjibu. Aliniandikia tena mara mbili kuuliza kama nimepata ujumbe wake, kwa heshima zote, na sikumjibu.

Zile kumi na moja nilizitoa kwenye jalada, nikachukua kalamu ya wino usiofutika, nikaandika nyuma ya kila moja, juu ya hesabu za mchezaji: IMEKATWA. Mume wangu alikuja akasimama begani.

"Kiswahili? Nani atasoma hiyo, Mmarekani?"

Alikuwa na haki. Nikaongeza kwa Kiingereza na Kiarabu, mpaka nyuma hapakubaki nafasi. Yeye akaona ni upuuzi kuharibu vitu nilivyovigharamia. Nilimwambia vimeshaharibiwa, mimi naandika habari tu. Vimo ndani ya bahasha kwenye droo, chini ya vyeti vya watoto.

Kununua sikuacha kabisa. Kila muuzaji sasa namuomba anipigie picha ya kadi juu ya rula. Wengi hawajibu. Mmoja alinitukana. Wachache wanaojibu ni watu wenye kadi zilizopinda, zilizomwagiwa chai, moja ilikuwa na jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu kwenye paji la uso la mdakaji, na hizo ndizo ninazonunua.

Mwaka jana nilikwenda harusi Sib. Nilikuwa nimekaa na wifi zangu mara nikahisi mkono begani, bangili, harufu ya udi. Mke wa ami. Alinikumbatia, akanibusu huku na huku, akanishika kidevu kama mtoto wake.

"Mwanangu, umetutupa! Ami yako kila siku anakuulizia. Anasema, yule ndiye mtu peke yake aliyekuwa akizijua kadi."

Niliyaandaa maneno ya kumwambia kwa mwaka mzima. Nilikuwa nayo hapo hapo, kwenye ulimi. Wifi zangu wanatazama, ngoma inapigwa, yeye anatabasamu kwa mapenzi ambayo nadhani yalikuwa ya kweli.

"Kazi zimenizidi, shangazi," nikasema. "Nisalimie ami."

Kisha nikambusu na mimi, huku na huku.