Sidi Gunga na Mbwa wa Mifugo

Kwa miaka tisa Sidi Gunga hakuwahi kumtukana mtu akiwa ndani ya sare. Jumatatu hiyo alimtukana meneja wake mbele ya wenzake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata chai hajaionja. Alichokisema sitakiandika. Kilikuwa Kigiriama, kilimgusa mama wa mtu, na meneja Levi, ingawa Kigiriama hakijui, alielewa barabara.

Kisa ni karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi. Kampuni ya ulinzi anayoifanyia kazi Sidi ina mabanda yake ya mbwa Kibarani, karibu na lilipokuwa jaa la taka, na kila baada ya miezi kadhaa hubandikwa orodha pale. Safari hii ilikuwa na majina matatu: Malkia, Soja na Taiga. Juu yake pameandikwa: "Watakaostaafu Jumatano, saa tatu asubuhi." Mtu akistaafu hupewa saa ya ukutani na mkono wa buriani. Mbwa wa kampuni hii akistaafu hupigwa sindano akazikwa nyuma ya ua. Aliyelichagua neno lile alijua analificha nini, na hilo ndilo lililomchemsha Sidi kuliko yote.

Taiga alikuwa mbwa wake. Kwenye vitabu ni wa kampuni, lakini uliza kila aliyejaribu kumpa chakula siku alizokuwa Sidi na homa. Taiga alilala njaa siku mbili, macho yako langoni.

Sidi alikuja kisiwani kutoka Kaloleni akitafuta kazi ya kufua nguo. Akaangukia kwenye ulinzi. Wanawake wenzake wote walipangiwa kupekua mikoba milangoni mwa maduka. Yeye alipewa mbwa, kwa sababu wanaume wanane waliopita kabla yake waliingia bandani wakatoka mbio. Aliyemfundisha ni mzee Katana, askari mstaafu wa kikosi cha mbwa, ambaye sasa ni marehemu. Katana hakuanza na kamba wala filimbi. Alianza na nasaba.

"Huyu ni jeman shepadi," alimwambia. "Ukiona meno unadhani ni mpiganaji. Si mpiganaji. Ni mchunga kondoo."

Akamweleza kwamba huko Ujerumani, mwisho mwisho wa miaka ya elfu moja mia nane, kapteni mmoja wa jeshi la farasi alimwona mbwa wa wachungaji akifanya kazi, akampenda, akamnunua, akamwandika wa kwanza kwenye daftari la ukoo. Sharti la kapteni lilikuwa moja: kazi kwanza, uzuri baadaye. Mbwa awe na akili ya kushika amri baada ya kuisikia mara chache, na nguvu za kutembea kutwa nzima akilizunguka kundi lisiingie shamba la mtu. Viwanda vilipoongezeka na kondoo wakapungua, kapteni hakutaka mbwa wake wakose kazi, akawapeleka kwa polisi na jeshini. Vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Waingereza wakamchukia Mjerumani hata jina la mbwa wakalibadilisha, wakamwita Alsesheni, na kwa zaidi ya nusu karne hawakutaka kusikia jingine. Wazee wa Mji wa Kale wanalitumia mpaka leo.

"Mbwa hakuuliza jina," alisema Katana. "Aliuliza kazi iko wapi."

Halafu wakaja watu wa maonyesho. Hawa nami nina ugomvi nao. Mbwa wa kapteni alikuwa na mgongo ulionyooka kama wa mbuzi. Watu wa maonyesho wakaona kwamba akishuka nyuma kidogo anapendeza kwenye picha, wakazalisha wanaoshuka zaidi na zaidi, mpaka wengine sasa wanatembea kama waliokaa. Nyonga ikawa haishiki vizuri mahali pake. Ugonjwa huo wa nyonga huwapata mbwa wakubwa wengi, lakini kabila hili ndilo hutajwa la kwanza. Taiga alinunuliwa kwa sababu ya mteremko huo huo. Mwenye kampuni aliuita dalili ya damu safi. Miaka minane baadaye miguu ya nyuma ikaanza kuyumba, na wale wale waliousifu mgongo wakamwandikia sindano. Asante ya punda ni mateke, husemwa. Lakini hapa aliyepiga teke hakuwa mnyama.

Asubuhi ile ile Sidi alikwenda kwa miguu hadi Mji wa Kale, kwenye ghala la viungo la mzee Alibhai, si mbali na Ngome ya Yesu. Hapo ndipo alipolinda na Taiga miaka yote. Lalamiko lililomtia Taiga kwenye orodha lilitoka kwa mzee huyo.

"Mzee, umesema nini kuhusu mbwa wangu?"

Alibhai alikuwa akinusa iliki kiganjani. Ni mtu mpole, wa salamu ndefu, na siku hiyo salamu hazikupata nafasi.

"Mama Sidi, mimi nimesema anachechemea tu. Mwizi akiona mbwa anachechemea, atacheka. Nikaomba mwingine. Kama huyu." Akatoa simu, akaonyesha picha. Mbwa mzuri, mweusi na wa rangi ya dhahabu, mgongo umeteremka kama paa la banda.

"Huyu atachechemea mapema kuliko wangu!" Sidi alipiga meza, iliki zikaruka. "Miaka minane hujaibiwa hata gunia la pilipili manga. Ukamwandikia kifo!"

"Kifo?" Mzee aliishusha simu. "Mimi sikuandika kifo. Wallahi nilidhani wanampeleka shamba."

Wengi hudhani mbwa wanapelekwa shamba. Ni kudhani kusikogharimu kitu. Alibhai alimpigia Levi hapo hapo, akamwomba, na jibu lililotoka kwenye simu lilikuwa la kiofisi: kampuni haina kinyongo, Sidi anaweza kumchukua mbwa, ila alete barua ya mwenye nyumba yake, yenye sahihi, ikisema amekubali mbwa huyo akae pale. Kabla ya Jumatano saa tatu. Bila barua, daktari atafanya kazi yake.

Levi alijua Sidi anapanga kwa nani.

Bi Maisara ana nyumba ya vyumba sita Majengo, kuta za udongo mbele na matofali nyuma alipoongezea marehemu mumewe. Ana mbuzi wanne wanaozurura mtaani wakila makaratasi. Mwanamke wa swala tano na darsa kila Jumanne. Miaka tisa, Sidi akirudi kazini hakanyagi kizingiti mpaka anawe kwenye bomba la nje: maji mara saba, moja yake na mchanga uliowekwa pale ndani ya kopo, kama dini ya Bi Maisara inavyomtaka aliyeguswa na mate ya mbwa. Na miaka tisa Bi Maisara hajampa mkono. Humwitikia salamu kwa mbali, buibui amelikusanya. Sidi hakuwahi kulalamika, lakini hesabu alikuwa nayo moyoni.

Jioni akapiga hodi, akaeleza habari ya barua, na ya Jumatano saa tatu kule Kibarani.

"Ati n'weke mbwa nyumbani mwangu?" Bi Maisara alisimama mlangoni, ufagio mkononi. "Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Na kila siku yapungua kirati, fungu zima, kwenye thawabu zangu. Wewe utanilipa kwa nini siku ya Kiyama?"

"Watamuua, Bi Maisara."

"Wanaua watu, sembuse mbwa. Toka hapo, mwanangu, n'na adabu yangu sitaki kuipoteza."

Hapo miaka tisa ikamtoka Sidi mdomoni. Alisema juu ya mkono asiopewa, juu ya kopo la mchanga, juu ya sikukuu aliyoletewa pilau kwenye sahani ya peke yake. Wapangaji wakatoka vyumbani. "Unamwona najisi, unaniona mimi najisi! Mbwa wa watu ni mchunga kondoo! Kabila lake zima limeumbiwa mifugo, wenye tamaa ndio waliomfunga kwenye magunia! Angekuwa huku, ungeibiwa yule beberu wako mwezi wa Rajabu?"

Bi Maisara aliushusha ufagio.

"Mchunga kondoo?"

"Ndiyo."

"Ushamuona akichunga?"

"Hajawahi kuonyeshwa kondoo."

"Basi una habari, huna ushahidi," alisema Bi Maisara, na mlango ukafungwa.

Jumanne ilipita bila neno. Jumatano Sidi alikwenda Kibarani mikono mitupu, akaingia bandani, akakaa chini kwenye saruji, akamfunga Taiga kamba na kamba akajizungushia kiunoni. Daktari wa mifugo alikuwa ameshafika na mkoba wake. Kwenye mabanda ya jirani, Malkia na Soja walikuwa wamesimama, mikia ikienda huku na huku, maana mgeni ni mgeni.

"Barua," alisema Levi.

"Sina."

"Basi toka, Sidi. Usinifanye nimwite mtu."

"Mwite. Mwite na huyo aliyemnunua kwa ajili ya mgongo wake, aje ashike mguu wakati anachomwa! Mbona yeye hayupo? Mbona siku zote hayupo?"

Levi aliangalia saa. Hakuwa mtu katili, na mimi simhurumii kwa hilo; katili angalau hujua anafanya nini.

Ndipo tuktuk ikaingia langoni, dereva akilalama kwa sauti juu ya mavi kwenye kiti chake. Akashuka Bi Maisara, buibui limejaa vumbi, na nyuma yake akavuta mbuzi wawili.

"Sikuja kukusaidia," alimwambia Sidi kabla ya salamu. "Nimemuuliza mwalimu wangu wa darsa. Asema mbwa wa mifugo ana ruhusa, na wa shamba, na wa kuwinda. Mbwa wa huruma hakumtaja. Na mimi siweki sahihi kwenye uongo. Mtoe, n'mwone kwa mato yangu."

Sidi alimtazama, kisha akawatazama mbuzi, na hasira yake yote ikageuka hofu. Miaka minane mbwa huyu amefundishwa kukamata mkono wa mwizi. Aking'ata mguu wa mbuzi, mambo yamekwisha, na si kwa Taiga peke yake. Sidi hatakuwa na chumba cha kurudi. Akaifungua kamba kiunoni, akamfungulia mlango. Taiga aliinuka kwa awamu, mbele kwanza, nyuma baadaye, akiuburuta mguu wa kulia.

Mbuzi walimwona. Hawakusubiri tathmini. Walichomoka wote wawili kuelekea langoni, na nje ya lango ni barabara ya Makupa na malori yake.

"Mbuzi wangu!" Bi Maisara alipiga ukelele.

Sidi akaiachia kamba. Hakutoa amri, hakuwa na amri ya jambo lile. Taiga hakuwafuata mbuzi. Alikata pembeni, akipita kando ya ukuta, akichechemea, kichwa ameinamisha, akalifikia lango kabla yao akasimama. Hakubweka. Alitazama tu. Mbuzi wakasita, wakageuka. Mmoja akajaribu kushoto, Taiga akawa kushoto. Akajaribu kulia, akamkuta. Taratibu, kwa mguu ule mbovu, akawazungusha nusu ya ua mpaka wakasimama wamebanana mbele ya Bi Maisara, na yeye akajitupa chini, ulimi nje, mate yakidondoka kwenye upindo wa buibui.

Hata dereva wa tuktuk aliacha kufuta kiti chake.

"Ah! Ushaninajisi," alisema Bi Maisara. Kisha akamgeukia Levi, na sauti ikabadilika. "Leta karatasi. Na wewe uone haya. Mnyama awalindie mali miaka minane, mguu umeharibika kazini kwenu, mumlipe kwa sumu? Hata mchinjaji humpa mbuzi maji kwanza! Leta kalamu, n'shakwambia!"

Levi alileta. Bi Maisara aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: MBWA WA MIFUGO. Akaweka sahihi. Mbwa hafi maji akiona ufuko, na Taiga aliuona wake saa tatu kasoro dakika kumi.

Walipokuwa wakiwapandisha mbuzi, Bi Maisara alisimama akatazama mabandani. Malkia alikuwa ameweka miguu ya mbele kwenye wavu. Askari wake alihamishiwa kazi nyingine mwaka jana. Wa Soja aliacha kazi.

"Na hawa je?" aliuliza.

Sidi aligeuka akawatazama. Tangu Jumatatu alikuwa amepigania jina moja kwenye karatasi yenye majina matatu, na ndiyo kwanza aliisikia hesabu hiyo.

"N'na mbuzi wanne tu," alisema Bi Maisara polepole, kama anayejitetea mbele ya hakimu. Nyuma yao daktari aliufungua mkoba.

Sare Sidi hakuivua. Kodi haisamehewi kwa sababu ya hasira. Walirudi Majengo kwa makundi mawili, mbuzi na bibi kwenye tuktuk, yeye na Taiga kwa miguu, wakipumzika kila penye kivuli. Alipofika, Taiga alionyeshwa mahali pake nyuma ya nyumba, nje ya ukuta, kando ya zizi. Ukumbini ni haramu kukanyaga, na kama atakanyaga, barua itachanwa.

Bi Maisara alikuwa kwenye bomba la nje akiosha upindo wa buibui. Alimsogezea Sidi kopo la mchanga bila kumtazama. Wakanawa pamoja, bega kwa bega, kwa mara ya kwanza.

"Wale wengine, majina yao nani?"

"Malkia na Soja."

Bi Maisara aliyarudia majina yale kimoyomoyo. Maji yakaendelea kumwagika mikononi mwake, naye akawa hajui tena amefika mara ya ngapi, akaanza upya kuhesabu tangu mara ya kwanza.