Nilivyokwenda Kigali Kuokoa Baraza la Shemeji

Niliondoka Tabora kwa sababu ya sifa ambazo sikuzitafuta. Kiangazi cha mwaka huu wa 1990, dereva mmoja wa lori aliniletea salamu kutoka kwa dada yangu Zaituni, aliyeolewa Kigali na fundi cherehani anayeitwa Hamadi. Barabara ya mtaa wao wa Muhima inataka kutengenezwa upya, na kila mpango unaotolewa unaanza kwa kubomoa baraza la Hamadi. Maji yalipomfika shingoni, Hamadi alisimama mkutanoni akasema ana shemeji Tanzania ambaye ni mtaalamu wa barabara za baiskeli. Mtaalamu huyo ni mimi. Salamu zikaishia hapo: njoo upesi.

Nieleze utaalamu wenyewe. Mimi ni katibu wa chama cha waendesha baiskeli mtaani kwetu. Zamani kidogo tuliwaomba wakubwa wa mji watuachie ukingo wa barabara ya sokoni, tukapanga mawe, tukayapaka chokaa, yakakaa vizuri kabisa mpaka watu walipoanza kuyachukua kwenda kufanyia mafiga. Kazi yangu yote ya uhandisi ndiyo hiyo. Lakini habari zilipofika Kigali, mawe yalikuwa yameshakuwa daraja. Na mtu akiitwa mtaalamu huwa hana haraka ya kukataa. Nilinunua futi kamba mpya, nikaiweka mfuko wa shati ionekane, nikapanda treni.

Isaka, alfajiri. Nilishuka kwenye treni nikapata lori lililobeba sabuni za kwenda Rwanda. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache na mihogo mingi. Tulipita Kahama, tukapita mapori ya Biharamulo, na njia nzima nilimweleza upana unaofaa kwa baiskeli mbili kupishana. Alipochoka alinipa muhogo ili nipate cha kufanya na mdomo.

Rusumo, mchana. Hapa mto Kagera unaanguka kwa kishindo karibu na daraja, na hapa ndipo magari yanapobadilisha upande. Kwetu tunapita kushoto, lakini ukishavuka daraja unapita kulia. Dereva alihamia kulia bila hata kuacha kutafuna. Mimi nilifumba macho. Kila gari lililotokea mbele niliona linatujia sisi, nikawa nakanyaga breki ambayo haikuwapo miguuni pangu. Nikajiambia: jambo hili la kulia ulikumbuke, wewe ni mtu wa barabara. Nililikumbuka mpaka Kibungo, kisha nikalala.

Kigali, jioni. Niliamka nikaona mji umetundikwa milimani. Nyumba juu, nyumba chini, barabara zinapanda kama zina deni huko juu. Sisi wa Tabora tukiona kichuguu tunakiita kilima. Nikamuuliza dereva sehemu ya tambarare ya mji huu iko wapi. Akafikiri kwa haki kabisa, akasema, "Uliiacha kwenu."

Hamadi alinipokea njia panda ya Nyabugogo, bondeni, tukapanda naye kwa miguu kwenda Muhima. Yeye alikuwa anazungumza. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa, kwa kuwa pumzi ilikuwa ina kazi nyingine.

"Shemeji, watu wote wanakungoja," alisema. "Niliwaambia wewe iko ingenieri."

"Uliwaambia nini?"

"Ingenieri. Mtaalamu ilikuwa ndogo, hawakushituka."

Hilo baraza nililiona kabla ya nyumba. Baba yake Hamadi alilijenga barabara ilipokuwa bado njia ya miguu, na sasa limetokeza barabarani kama tumbo la mtu aliyetoka harusini. Juu yake zimekaa cherehani tatu na mafundi watatu, Hamadi akiwa wa kwanza. Chumba cha nyuma hakina dirisha, huwezi kuona hata kidole chako, sembuse sindano. Likibomolewa baraza, wale wawili wanarudi makwao na Hamadi anabaki na chumba cha giza na cherehani tatu za kushika vumbi.

Dada Zaituni alinitazama toka kichwani hadi miguuni. "Umekonda," alisema. "Karibu. Hamadi amejaza mtaa maneno. Sasa usituaibishe."

Siku ya pili, alasiri, mkutano. Ulifanyika palepale barazani, kwa sababu ndipo penye kivuli. Watu walikaa juu ya kitu wanachojadili kukivunja, na Zaituni aliwapa chai. Mkubwa wao ni Konseye, ndivyo wanavyomwita diwani wao. Ni mtu mpole anayependa maua kupita kiasi. Yeye alitaka barabara pana yenye bustani katikati. Mpinzani wake alikuwa Kaspari, aliyesoma Ubelgiji na ambaye mwili wake tu ndio uliorudi. Yeye alitaka tramwe.

"Tramwe iko kama treni kidogo," alieleza, macho yamelegea. "Inapita mu barabara, ku reli. Hapana moshi, hapana kelele."

Mama mmoja muuza ndizi aliuliza, "Nikiinua mkono inasimama?"

"Oya, hapana. Inasimama ku kituo."

"Na kama kituo iko mbali na kwangu?"

"Unatembea mpaka ku kituo."

"Sasa kama natembea, tramwe ya nini?"

Watu wakacheka mpaka vikombe vikalia. Kaspari alisema Wabelgiji hawakumuuliza swali kama hilo hata siku moja. Mama akamwambia Wabelgiji hawabebi ndizi kichwani.

Ndipo nikaitwa. Nilisimama, nikavuta futi kamba kidogo ikaachia mlio, watu wakanyamaza. Nikawaambia ndugu zangu, mji wa kisasa unatenga njia ya baiskeli. Mita mbili tu, upande wa kushoto kwa anayepanda, zizungushiwe mawe ili malori yasiguse baiskeli hata kidogo. Upande huo kuna mtaro na ukuta tu, hakuna nyumba ya mtu. Baraza la Hamadi liko kulia, halihusiki.

"Vwala! Ndiyo hiyo!" alisema Konseye, kwa kuwa aliona mawe yanaweza kupandwa maua. Makofi yakalia. Hamadi alinikumbatia na sindano zake kifuani zikanichoma, nisijali. Mwanamume mmoja mwenye sauti kubwa, Sibomana, kiongozi wa wabeba makaa kwa baiskeli, alinyoosha mkono kuuliza, lakini chai ilikuwa imekwisha na mkutano nao ukaisha. Usiku ule nililala kichwa kimenivimba kwa furaha.

Jumamosi, asubuhi. Ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, kila mtu na jembe au sururu. Mimi nilipewa ndoo ya majivu nichore mstari. Nilichora kushoto hatua chache, nikasikia sauti ya Sibomana nyuma yangu.

"Bwana ingenieri, samahani. Amagare, baiskeli zetu, inapanda kwa huu upande. Kamyo inashuka kwa huu huu upande. Sasa tunakutana wapi?"

"Ku hospitali," mtu akamjibu.

Niliinua uso, nikaona lori linashuka likinijia mimi na ndoo yangu. Hapo Rusumo nzima ikanirudia kichwani. Nilikuwa nimewapangia Wanyarwanda barabara ya Tabora.

Konseye hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Hapana taabu," alisema. "Plani iko nzuri. Tunaigeuza tu, tunaiweka kulia."

Nikavuka barabara na ndoo. Watu wote wananiangalia, sina pa kukimbilia, nikapima mita mbili kama nilivyosema mwenyewe. Mstari ulipanda vizuri, ukafika kwa Hamadi, ukaingia barazani. Hamadi, ambaye bado alikuwa na imani na mimi, aliinua miguu kutoka kwenye pedali ya cherehani ili nipitishe majivu chini yake.

"Shemeji," aliuliza kwa upole, "hii mstari inaenda wapi?"

"Inapita tu."

"Inapita wapi?"

"Hapa."

Alishusha miguu polepole. Zaituni alikuwa mlangoni ameshika birika. Alimimina chai kwa kila mtu barazani, akanipita mimi, akarudi ndani. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilikuja safari yote hiyo kuokoa baraza, na nilikuwa nimelikata kwa mkono wangu, tena kwa mstari ulionyooka.

Jumatatu, siku ya majaribio. Konseye alisema ubomoaji uanze Jumatano, lakini kwanza watu waione njia ikifanya kazi. Mawe yakapangwa kuanzia ukingo wa juu wa baraza kupanda mlima. Wa kwanza kupita, akasema, ni mtaalamu.

Nilipewa baiskeli ya Sibomana mwenyewe, chuma kizito kama kitanda. Nilipanda kwa madaha, nikapunga mkono, nikaenda mpaka kwenye jiwe la tano. Hapo mlima ukanishika. Miguu ilikanyaga, baiskeli haikusogea, tukabaki tunatetemeka pamoja ndani ya mawe yangu. Watoto wakaanza kunihesabia. Nikashuka, nikasukuma, nikapanda tena, nikashuka tena. Nikamuuliza mtu wa pembeni, nikihema, watu hawa na magunia yao ya makaa wanapandaje kila siku.

Jibu lilikuja lenyewe. Lori la saruji lilikuwa linatoka Nyabugogo likinguruma. Lilipofika kwenye tumbo la baraza, dereva alipunguza, akabadilisha gia, injini ikalalamika. Papo hapo wabeba makaa watatu waliokuwa wamejibanza kando ya baraza wakachomoka, kila mmoja akadaka nyuma ya lori kwa mkono mmoja, na wote wakaja wakinipita taratibu, wamekaa wima kama maharusi. Wa mwisho alikuwa Sibomana, juu ya baiskeli ya kuazima.

"Ruka mawe!" alinipigia kelele. "Shika, sha, rafiki!"

Niliruka mawe yangu mwenyewe na baiskeli, sijui vipi, nikadaka ile bodi ya nyuma. Mkono ulitaka kung'oka, kisha ukazoea, na mlima ukaanza kushuka chini yangu bila mimi kufanya lolote. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilipiga vigelegele, mimi katibu wa chama, mwanamume mwenye familia. Nikageuka nyuma, nikaona lori lingine linafika barazani, linapunguza, na wengine wanachomoka. Likaja la tatu, vilevile. Furaha ikanikatika ghafla, nikaelewa nilichotaka kuwafanyia watu hawa. Bila lile tumbo hakuna lori litakalopunguza. Na ndani ya mawe yangu hakuna mkono utakaolifikia lori.

Alasiri ile ile nikaomba mkutano. Niliongea kabla ya wote. Nikasema mpango wangu ni mbovu wa kushoto na mbovu wa kulia. Nikasema baraza la Hamadi ndilo breki ya barabara hii, na malori ndiyo injini ya baiskeli zote za Muhima, na ukivunja kimoja umevunja vyote. Nikamwomba Konseye ayatoe mawe.

"Hii idee ilikuwa yangu," alisema Sibomana kwa nguvu, "ila sikupewa nafasi." Kisha akadai kila kamyo ilazimishwe kuwekewa mshikio wa kitambaa nyuma, wa kulia na wa kushoto.

Kaspari aliinuka polepole, kama mtu aliyepata wazo. "Tramwe pia," alisema, "iko na mahali ya kushika kwa nyuma."

Wabeba makaa wakatazamana.

"Inapanda mpaka mujini?" aliuliza Sibomana.

"Mpaka mujini."

"Haibadilishi gia?"

"Oya. Inapanda tu."

"Basi ilete! Ilete hata kesho!"

Wabeba makaa walisimama wote wakampigia makofi. Masikini Kaspari, tangu arudi hakuwahi kupata mtu hata mmoja wa kumuunga mkono, na machozi yalimlengalenga. Lakini ni mtu mkweli kupita kiasi. "Ila polisi," aliongeza, "inakataza kushika." Wakakaa chini wote.

Konseye alitazama maua yake yasiyokuwapo, akatazama mstari wa majivu, akatazama mafundi watatu waliokuwa hawajashona hata mshono mmoja siku ile. "Ni vyema," alisema. "Baraza inabaki. Maua tutapanda mu madebe, ku ukingo yake."

Kelele zilikuwa nyingi. Hamadi alikaa kwenye cherehani yake, akachukua uzi, akajaribu kutunga sindano. Uzi ukapita pembeni, mara ya pili, mara ya tatu. Zaituni akaja, akauchukua uzi, akaulowesha mdomoni, akautunga, akarudi ndani. Aliporudi alikuwa na kikombe cha chai, akaniwekea mimi.

Alhamisi, asubuhi, niliaga. Dada alinipa chapati zilizofungwa kwenye kitambaa na akanisindikiza mpaka kwenye ukingo wa baraza, ambako madebe mawili ya maua yalikuwa yameshapangwa.

"Shemeji yako anasema uje tena," alisema. "Na mimi nasema uje. Ila ukija, uje kula. Usipime kitu."

Safari ya kurudi haina mengi, nilikula chapati na kulala. Nilichojifunza ni kwamba mtu akikuita uje kumtengenezea barabara, anza kwa kukaa kwenye kiti chake asubuhi nzima uone nani anapita na anapitaje. Nilipofika Tabora, wenzangu wa chama walinikusanyikia uwanjani wakitaka ripoti. Wakaniuliza nimejenga nini huko Kigali. Nikawajibu sikujenga kitu, na shemeji yangu bado anashona.