Kitawi cha Mbwa

Katibu wa chama chetu cha wawindaji, hapa nyandani Hungaria, hukutajia mababu wa mbwa wake huku akisokota masharubu. Mbwa ni vizsla, mbwa wa kuwindia wa Kihungaria, mwekundu kama kutu, wa aina isiyobanduka kwa bwana wake. Vikombe ambavyo ukoo huo ulishinda mashindanoni, katibu anavikumbuka vyote. Kwamba manyoya yale mafupi hayazuii baridi, hilo halimhusu.

Jumapili mbwa alipita matete yenye barafu mpaka akampata kulungu aliyejeruhiwa na katibu. Kisha akaachwa nje amelowa, katibu akaingia chamani kunywa.

“Mkaushe, atakufa!” Piroska, mpishi wetu, alimwambia.

“Anatetemeka kwa hamu ya kazi, mama. Ndiyo damu ya ukoo!”

“Basi wewe huna ukoo, maana umekumbatia jiko.”

Piroska mwenyewe akamwingiza mbwa ndani, akamfunika koti lake.

Desturi yetu, mwindaji aliyeua mnyama hupewa kitawi cha mwaloni kwa heshima, akakivunja, kipande kikafungwa kwenye ukanda wa shingoni wa mbwa aliyemtafutia mnyama huyo. Katibu alikichomeka kizima kofiani, akapiga mluzi waondoke. Mbwa aliinua sikio, akalilaza tena kotini.

“Anakuja huyo,” katibu alituambia, akiiweka sawa kofia.