Kijito cha Mihogo ya Koko

Juzi nilirudi Kisangani, na kabla hata ya kufungua sanduku nikashuka hadi kijitoni nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Sikuweza kutulia. Kijito kimebaki uzi mweusi kati ya kuta za nyumba mpya.

Zamani darasa letu zima liliingia humo miguu mitupu. Mwalimu wetu wa sayansi hakuamini sana ubao. Alitufundisha kukoroga matope, kunasa wadudu kwa kipande cha chandarua, kuwamimina kwenye sahani nyeupe na kuwahesabu. Wadudu wa aina nyingi, maji mazima. Minyoo myekundu peke yake, maji yanaumwa. Juu, upande wa msitu, sahani ilijaa wadudu wa kila aina, hata watoto wa kereng'ende, ambao hukulia majini. Kadiri tulivyoshuka, nilizidi kubaki nyuma, maana nilijua tunakoelekea: kwenye madimbwi ambamo bibi yangu, tuliyemwita koko, aliloweka mihogo ya kwanga, ule mkate wa mihogo unaopikwa ndani ya majani. Harufu kali ilitupokea. Chini ya madimbwi hayo, minyoo myekundu tu. Hatua chache mbele, majirani walichota maji ya kunywa.

"Hii mihogo iko ya nani?" mwalimu akauliza.

Nikasema sijui.

Siku mbili sikupata raha. Kwanga ya koko, ya moto bado ndani ya majani, niliiacha bila kuila. Siku ya tatu, koko akiwa anamenya mihogo, nikamwambia yote.

"Bon, mwalimu yako anasema ni mimi niko naua mayi?"

"Hapana, koko. Ni mimi niliona."

Akaweka kisu chini. Nilitamani kukimbia. Kisha akakaza kitenge chake. "Twende, unionyeshe."

Kijitoni nilimnasia ile minyoo, akaiinamia kuitazama. Kesho yake tulihamishia mihogo kwenye pipa kuukuu uani, akaanza kubeba maji ndoo kwa ndoo, kwa magoti yale mabovu. Jirani mmoja alimwiga, wengine walimcheka. Wiki kadhaa baadaye nilinasa pale pale chini ya madimbwi mtoto mmoja wa kereng'ende, nikapiga kelele hadi mwalimu akaja mbio. Hapo ndipo nilipomwambia ile mihogo ilikuwa ya nani.

Koko hayupo tena, na mwalimu sijui alihamia wapi. Maji yaliyochafuka nimeshayaona mengi. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna tena anayeshuka kuyaangalia. Niliyekuwa pale juzi ni mimi peke yangu, na Jumamosi naondoka.