Waya Usiokatika

Mimi ni mbishi, na siku ile ubishi wangu ulikuwa wa waya. Tulikuwa wawili tu, mimi na rafiki yangu Mkongomani, jirani yangu hapa ugenini, mtaa wa Umbilo, mwenye kiboti cha injini moja. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tunatoka bandarini kwenda kurambaza juu ya miamba, yaani kukokota chambo bandia nyuma ya boti. Kilichobaki ni kufunga kile kipande kifupi cha mwisho wa mshipi, uzi wa kuvulia, kinachoshika chambo.

"Tia nailoni, ndugu," alisema. "Ikishika jiwe ikatike, sisi tubakie."

Nikamcheka. Nilimwambia mtoto wa Tanga hafundishwi mshipi na mtu wa Lubumbashi, na kwamba nguru ana meno, nailoni ataitafuna. Nikafunga waya, tena ule mnene. Akashika usukani.

Fimbo ya kuvulia sikuwa nayo wala sikuitaka. Kwetu mshipi unauzungusha mkononi ili umsikie samaki anapogusa. Nikauzungusha kiganjani mara mbili, nikakaa nyuma, nikaanza kupiga soga.

Chambo kikanasa mwambani, na boti inakwenda. Mkono ukavutwa, kifua kikagonga ukingo, nikajikuta nusu nje, uso juu ya maji. Rafiki yangu akazima injini, lakini mawimbi hayazimwi. Kila yalipotuinua mshipi ulizidi kukaza, na vidole vyangu vilikuwa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Niliogopa, tena vibaya sana. Mshipi ulikuwa mnene, waya mgumu zaidi. Kilichokuwa laini pale ni mkono wangu.

Alikuja kwa magoti na kisu cha mkate. Hajui kuogelea, lakini aliinama nje ya boti, akaukata mshipi karibu kabisa na vidole. Sikuthubutu kumtazama machoni.

Hakusema kwamba alinionya. Mpaka leo hajasema, na hilo linanisumbua kuliko kovu ambalo mshipi uliniachia kiganjani.

Mwezi uliopita niliingia duka la vifaa vya uvuvi. Muuzaji akaniwekea waya mezani, akanihakikishia kwamba huu haukatiki hata iweje. Kiganja kikaanza kutoka jasho. Nikamsukumia waya wake, nikamwomba nailoni, ile inayokatika upesi.